Loreta, Msokota Nyuzi za Fidla

Watu wa Roccalesta walijulikana kwa harufu kabla hawajajulikana kwa majina. Wakishuka sokoni Popoli, wauza vitunguu waliziba pua wangali mbali, na watoto wa mjini wakawafuata nyuma wakiwaimbia, "Matumbo hao! Matumbo hao!" Wala haukuwa uongo. Kijiji kizima kiliishi kwa matumbo ya kondoo. Hata sadaka aliyoipokea padri Jumapili ilianzia kwenye matumbo.

Loreta, binti wa fundi Quirino, alizaliwa ndani ya harufu hiyo na hakujua kwamba ni harufu mpaka siku shangazi yake Gelsomina alipompeleka Popoli kununua viatu. Muuza viatu alifungua dirisha. Loreta akauliza mbona anafungua dirisha na nje kuna baridi. Shangazi Gelsomina akamwambia, "Anataka hewa, mwanangu. Watu wa mjini hukosa hewa upesi."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wachinjaji wa upande ule wa mlima Maiella walileta matumbo ya wanakondoo yangali na joto. Wanawake waliyaosha mtoni, wakayakwangua kwa ukingo wa bua la tete mpaka ukabaki utando tu unaopitisha mwanga, wakauloweka kwenye maji ya majivu. Kisha utando ule ulisokotwa kwa gurudumu, ukawambwa kwenye fremu, ukafukizwa moshi wa salfa, na mwisho ukapakwa mafuta ya zeituni. Kilichoingia kikinuka kilitoka kikiwa na rangi ya asali. Hizo ndizo zilizokuwa nyuzi za fidla. Zilishuka Napoli, na kutoka Napoli zilikwenda Vienna, Paris na Petersburg, kote ambako watu walivaa makoti meusi na kuketi mbele ya karatasi za muziki.

Loreta alipewa uzi mwembamba, ule wa juu kabisa, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyepesi. Uzi huo hauna msamaha. Ukiusokota kidogo unakoroma, ukizidisha unakatika. Akafika miaka kumi na tisa akiusokota kila siku isipokuwa Jumapili, na hakuwahi kusikia fidla hata mara moja. Harusi za kwao zilichezwa kwa zumari la mfuko wa ngozi ya mbuzi, na lilitosha.

Septemba ya mwaka 1911 alipanda kilima kijana mmoja mrefu, viatu vya mjini vimejaa vumbi, kasha jeusi kwapani. Alisimama mlangoni mwa karakana akipumua kwa mdomo, kama walivyofanya wageni wote.

"Fundi Quirino yupo?"

"Anaulizwa na nani?" Quirino akajibu bila kuinua kichwa.

"Naitwa Panfilo. Napiga fidla ya pili kwenye okestra ya opera, Napoli. Safu ya nyuma."

"Na safu ya nyuma imekutuma?"

"Nimejituma mwenyewe. Nyuzi zako zinanikatikia, fundi."

Gurudumu likasimama. Mwanamke mmoja kule nyuma akanong'ona, "Mama wee."

"Nyuzi zangu?" Quirino akasimama polepole. "Kijana, nyuzi zangu zinapigwa mbele ya wafalme."

"Habari za wafalme sizijui. Mimi juzi uzi umenikatikia mwimbaji akiwa anakufa. Mama wa watu amelala jukwaani, anakata roho taratibu, ukumbi mzima kimya, mara paa! Akafungua jicho moja kunitazama."

Wanawake wakaangua kicheko. Quirino hakucheka. "Basi una mkono mbaya," alisema.

Loreta akainuka kwenye gurudumu lake. "Hebu lete huo mkono."

Akaushika, akaugeuza kiganja juu. Ulikuwa umelowa kama samaki aliyetoka majini sasa hivi.

"Baba, nyuzi hazina kosa," alisema. "Huyu mikono yake inalia, na jasho linaozesha utumbo."

Kijana akawa mwekundu mpaka masikioni. "Tangu utotoni," alisema. "Kule kazini wananiita Chemchemi."

Jambo ambalo Loreta hakulisahau ni kwamba hakuuvuta mkono wake. Aliuacha palepale, umelowa vilevile, kama mtu aliyeamua kwamba aibu ikishatoka nje haina haja ya kurudishwa ndani.

"Nitakusokotea wa kwako," Loreta akamwambia. "Nitaulaza kwenye mafuta muda mrefu kuliko kawaida. Ila kwanza tupigie."

Panfilo akafungua kasha, akapiga sonata, wimbo wa fidla wa zamani, wa siku zile ambapo wanaume wa heshima walivaa nywele za bandia. Loreta alitazamia sauti ya mbuzi, kama ya zumari lao. Alichosikia kilikuwa kama mtu unayempenda anayezungumza chumba cha pili. Maneno huyapati, lakini unajua anakuzungumzia wewe. Alitazama mikono yake, ngozi iliyopasuka kwa maji ya majivu, kisha akautazama ule uzi mwembamba uliokuwa ukitetemeka chini ya upinde. Quirino alivua kofia, akajifanya anajikuna kichwa.

Uzi mpya haukukatika. Hilo likawa balaa, maana Panfilo hakuwa tena na sababu ya kurudi. Alirudi hata hivyo kabla ya Krismasi, vipande viwili vya uzi mkononi. Quirino akavipeleka dirishani kwenye mwanga.

"Huu haukukatika. Huu umekatwa."

"Inawezekana, fundi."

"Kwa kisu."

"Kwa wembe," Panfilo akakiri. "Kisu kiligoma. Binti yako anasokota vizuri kupita kiasi."

Quirino akamtazama, akamtazama binti yake aliyekuwa amegeukia ukutani mabega yakimtikisika kwa kicheko, akatupa vipande motoni. "Basi kaa ule," alisema.

Walioana majira ya kuchipua. Shangazi Gelsomina alilia, kisha akamwonya bwana harusi: "Baba, mikono hiyo usimshike nayo wakati wa baridi, utamgandisha."

Huko Napoli walipanga vyumba viwili kwenye uchochoro ambao nguo zilianikwa kutoka dirisha hadi dirisha. Loreta akapata kazi katika karakana ya nyuzi karibu na bandari, kwa watu waliotoka milima ileile ya kwao. Kila jioni kabla ya kwenda nyumbani alijisugua kwa maganda ya limau mpaka mikono ikamwasha. Panfilo alimvumilia wiki kadhaa, mwishowe akayatupa maganda uani.

"Mbona unajichubua hivyo?"

"Nanuka, mume wangu."

"Unanuka fidla," alisema Panfilo. "Kaa ule, chakula kinapoa."

Fidla ya Panfilo ilichongwa humohumo Napoli kabla ya babu wa babu yake kuzaliwa. Jumapili baada ya kula aliipangusa kwa kitambaa cha hariri huku akimsimulia. Alimwambia kuwa hapo mwanzo chombo hicho kilikuwa cha vilabuni. Mtu wa heshima alipiga kinanda akiwa ameketi, na aliyepiga fidla alisimama mlangoni pamoja na watumishi, akichezesha walevi. Halafu makasisi wakaiingiza kanisani, wakuu wakaitaka kwenye karamu zao, watunzi wakagundua inaweza kuimba kama binadamu bila kuhitaji kuvuta pumzi, na sasa okestra nzima inaketi kuizunguka.

"Hii imeshapita kwa watu sita ninaowajua majina," alisema. "Wote wamekufa. Mbao ipo. Nyuzi ndizo zinazokufa, kila baada ya wiki chache. Watu wanasema, oh, fidla ya kale, sauti ya kale. Mbao ni ya kale, mke wangu. Sauti ni ya mwezi huu. Umeisokota wewe."

Msimu ule alimpatia nafasi kwenye roshani ya juu kabisa ya jumba la opera, pale ambapo watu huja na vyakula vyao. Loreta alikaa karibu na mama mmoja mnene aliyekuwa akitafuna mbegu za maboga. Taa zilipopunguzwa, na zile fidla zote zikaanza pamoja, kwa chini sana kama upepo unaoingia kwenye ngano, Loreta alishika ukingo wa roshani kwa mikono miwili. Hakumtafuta mumewe kwa macho. Aliwaona wanawake wa kwao wameinama mtoni, sketi zimefungwa magotini, shangazi Gelsomina akitukana maji kwa ubaridi wake. Machozi yakamtoka. Akashindwa kulificha jambo hilo moyoni, akamgusa jirani yake.

"Mama, zile nyuzi ni zetu."

"Nyuzi gani?"

"Za fidla. Tunazitengeneza sisi. Ni utumbo wa kondoo."

Yule mama akaacha kutafuna. "Dada yangu," alisema, "si unaona ninakula?"

Lakini baada ya muda alimsogezea Loreta mfuko wa mbegu, wakala pamoja mpaka mwimbaji akafa.

Vita vilipoingia Italia, Panfilo aliitwa jeshini. Fidla akaiweka chini ya kitanda, imefungwa shuka. "Usiilegeze nyuzi," alimwambia Loreta kituoni. "Ikikaa bila nyuzi inapoteza umbo lake. Ukisikia umekatika mmoja, weka mwingine." Loreta akasema atafanya hivyo. Hayo ndiyo waliyoagana nayo, kwa sababu mengine yalikataa kutoka.

Karakana nayo ikabadilika. Madaktari wa jeshi walihitaji nyuzi za kushonea majeruhi, na uzi wa utumbo ndio unaofaa, maana huyeyuka wenyewe ndani ya nyama. Ule utando mwembamba, uliokuwa ukienda kwenye fidla, sasa ulikwenda hospitali. Loreta alisokota vilevile, kwa gurudumu lilelile, lakini hakuna aliyeimba tena kazini. Kila mmoja pale alikuwa na mtu wake kule kaskazini, na kila mmoja aliutazama uzi unaopita vidoleni na kuogopa kuwaza utaingia ndani ya nani. Kwenye okestra wakaanza kufunga waya wa chuma mahali pa uzi wa juu. Ulikuwa na makelele kidogo, walisema, lakini haukatiki.

Panfilo alirudi vuli ya 1917, amekonda, koti limemzidi. Kipande cha kombora kilikuwa kimempitia mkono wa kushoto huko Carso, kwenye uwanja wa vita. Loreta alimketisha, akaufungua mkono ule mapajani mwake. Kovu lilitoka kiganjani likapanda juu ya kifundo. Kidole cha pete na kile kidogo vilikuwa vimekakamaa, havikunjiki wala havinyooki.

"Labda ni uzi wako walionishonea," alisema Panfilo, akijaribu kutabasamu.

Loreta akaufuata mshono kwa kidole. "Uzi huenda ni wangu. Mshonaji ndiye wa hovyo."

Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Ndipo Loreta, akiwa bado ameushika mkono, akagundua jambo lingine. Kiganja kililowa kama zamani, kidole gumba kimelowa, cha shahada kimelowa, lakini vile viwili vilivyokufa vilikuwa vikavu kama karatasi. Havikulia tena. Akavifunika kwa mkono wake ili yeye asione anavyovitazama.

Opera haikumhitaji mtu wa vidole viwili, na Panfilo hakwenda kuomba. Alikaa dirishani. Loreta hakumsukuma. Ila kila uzi wa fidla ulipokatika chini ya kitanda, alipiga magoti akaifungua shuka, akaweka mwingine. Siku moja Panfilo alimkuta hapo sakafuni.

"Unamvalisha maiti," alisema.

"Uliniambia nisiiache bila nyuzi."

"Nilikuambia kabla."

"Basi niambie sasa niache."

Panfilo hakumwambia aache. Alitoka, akatembea mpaka bandarini, akarudi jioni na samaki.

Vita vilipokwisha, Quirino alikuwa amezeeka na magoti yamemkataa, kwa hiyo walirudi Roccalesta. Wateja walikuwa wamepungua. Wengi walishazoea chuma kwenye uzi wa juu, na walionunua zile nyuzi nene walikuwa wepesi wa kulalamika. Mfanyabiashara mmoja wa Napoli alirudisha shehena nzima, akasema nyuzi ni za uongo. Uzi wa uongo ni ule ambao unene wake hauko sawa, ukiupiga unatoa sauti mbili zinazogombana. Quirino alikasirika mpaka akakataa kula.

Loreta akaona nafasi. Alimfuata Panfilo nyuma ya nyumba, alikokuwa akipasua kuni kwa mkono mmoja na nusu.

"Nataka unijaribie hizo nyuzi. Kwenye fidla."

"Loreta."

"Sikuombi wimbo. Sikuombi hata kidole. Uzi mtupu, bila kuugusa kwa mkono wa kushoto. Vuta upinde tu, uniambie huu ni wa kweli au wa uongo. Baba ana masikio ya kondoo, wanawake hawajui. Nani mwingine nimwombe?"

Alipasua gogo lingine, kisha akaweka shoka chini. "Uzi mtupu," alisema.

"Uzi mtupu."

Ikawa ndiyo kazi yake. Kila asubuhi Loreta alimfungia uzi mpya, kwa kuwa yeye hakupaswa kuugusa kwa ile mikono ya maji, naye alivuta upinde mara moja, polepole, toka mwanzo hadi mwisho. "Kweli." Uzi mwingine. "Kweli." Mwingine. "Mwongo huyu, mkubwa." Mkono wa kushoto ulishika shingo ya fidla tu, umelala. Majira ya baridi yakapita hivyo, sauti ndefu moja baada ya nyingine zikitoka karakana hadi mtoni, hata wanawake wakazizoea kama kengele. Shangazi Gelsomina alilalamika: "Mwanamume ana sauti nne tu, kama kengele za kanisa maskini."

Ilikuwa siku ya Machi, theluji ikiyeyuka na mto umejaa. Loreta alikuwa ameinama majini pamoja na wenzake, mikono mpaka viwiko. Kutoka juu ikasikika sauti ndefu, kama kawaida. Kisha, katikati yake, sauti ikapanda hatua moja.

Kidole kilikuwa kimeshuka juu ya uzi.

Loreta hakugeuka. Aliinua mkono wenye maji, akawaonyesha wenzake wanyamaze, na wote wakanyamaza, hata Gelsomina. Sauti ikarudi chini, ikasita. Ikapanda tena, mara hii hatua mbili. Baadaye zikafuatana nne, tano, zikiruka pale ambapo vidole vingine vingesaidia, mkono mzima ukiteleza juu ya shingo ya fidla kutafuta kile ambacho zamani kidole kidogo kilikifikia bila taabu. Ilikuwa ile sonata, au mifupa yake. Wanawake waliendelea kukwangua, lakini bila mlio, kwa upole kama mtu anayemfuta mtoto uso usingizini. Mmoja alitaka kuangalia juu, Loreta akamvuta sketi. "Akijua tunasikiliza ataacha," alimnong'oneza.

Aliporudi nyumbani, Panfilo alikuwa ameketi juu ya kiti cha kazi, fidla kwenye kasha lake.

"Leo vipi?" Loreta akauliza.

"Kumi na tisa za kweli. Mbili za uongo."

"Vizuri," akasema Loreta, akamwandalia supu ya dengu. Katikati ya kula Panfilo alinyoosha mkono wa kushoto juu ya meza, akauacha pale, na Loreta akaweka wake juu yake.

Hakupata tena safu yoyote katika okestra yoyote. Alipiga harusi za milima ile kwa vidole viwili, nyimbo za taratibu tu, akiwaachia wenye zumari zile za kurukaruka, na watu wakaanza kumsubiri. Walipata binti, wakamwita Delia.

Nyuzi za muziki hazikurudi kuwa kama zamani. Kilichoiokoa karakana ni mfanyabiashara wa Pescara aliyekuja kutaka nyuzi za raketi za tenisi. Loreta ndiye aliyempelekea baba yake habari kitandani.

"Kupiga mpira?" Quirino aliuliza. "Utumbo wa kondoo wangu, kupiga mpira?"

"Ndiyo, Baba."

Mzee alisugua gumba na kidole juu ya blanketi, kama anayepima uzi. "Wanaupiga kwa nguvu?"

"Kwa nguvu sana, nasikia."

"Basi sokota zaidi," alisema, akageukia ukutani.

Alifariki mwaka uliofuata. Kiangazi baada ya matanga, Panfilo alisema Loreta hajawahi kuona bahari bila kuwa na kazi, akawapandisha garimoshi wote watatu mpaka Pescara. Waliloweka miguu, wakala samaki wa kukaanga kwenye karatasi, na walipokuwa wakirudi wakapita kando ya uwanja wa tenisi. Wasichana wawili waliovaa nyeupe walikuwa wakicheza nyuma ya uzio wa waya. Loreta akasimama. Hakuwa amewahi kuona nyuzi zile zikifanya kazi yao. Delia alikuwa amelala begani mwa baba yake, mdomo wazi.

"Wanazipiga kweli," Loreta alisema. Aliuona mpira ukizama kidogo kwenye nyuzi, kisha ukaruka. "Maskini."

"Sauti si mbaya," alisema Panfilo.

Mpira mmoja ukapaa juu ya uzio, ukadunda barabarani. Panfilo aliudaka kwa mkono wa kushoto, kwa gumba na vidole vile viwili vizima, bila kumwamsha mtoto, akaurusha ndani.

"Asante, mzee!" msichana akapiga kelele, akakimbilia mpira.

Panfilo alikuwa na miaka thelathini na tisa. Alisimama akiutazama uzio. "Mzee?" aliuliza. "Kasema mzee?"

Loreta alicheka mpaka akalazimika kuketi ukingoni mwa barabara, sketi yake ya Jumapili mchangani, na kila alipojaribu kuinuka alimwangalia usoni, akaanza upya.

"Cheka tu," Panfilo alisema, akimbadilisha Delia bega. "Cheka. Mzee anakusubiri."